Kumuaga mbwa mgonjwa asiyepona: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Simu huja usiku. "Dada, mbwa wangu hajainuka tangu juzi, analia, nifanye nini?" Inakuwa saa 4 usiku, duka la dawa za mifugo limefungwa, daktari hapokei, kaburi halijachimbwa, na watoto wamesimama mlangoni wanatazama. Wanaonipigia hawana roho mbaya. Wanampenda mbwa wao kweli. Kinachowashinda ni kungoja mpaka usiku wa mwisho, kisha waamue mambo yote kwa mkupuo.

Nami nilikosea hivyo kwa mbwa wangu wa kwanza, Popi, hapa hapa Moshi. Nilimwita mtu wa kwanza aliyepatikana, akamchoma sindano ambayo sikuuliza ni ya nini. Popi alilegea mwili mzima, lakini macho yake yaliendelea kunifuata. Baadaye daktari aliponieleza kuwa zipo dawa zinazolegeza misuli bila kumwondolea mnyama fahamu, sikuweza kula siku hiyo. Mbwa wangu wa pili, Chui, aliugua figo. Yeye tulimuaga asubuhi, kwa utulivu, na hatua zilizo hapa chini ndizo tulizozifuata.

## Vitu vya kuandaa

Viandae mbwa akiwa bado anatembea.

- Namba za simu za madaktari wa mifugo wawili, pamoja na ya afisa mifugo wa kata yako.
- Usafiri. Daladala haitampakia. Zungumza na mwenye bajaji au kirikuu, mwambie wazi kuwa atabeba mbwa mgonjwa, mkubaliane bei ya mchana na ya usiku.
- Godoro kuukuu, au magunia mawili yaliyoshindiliwa majani makavu ya migomba.
- Turubai dogo, shuka mbili za zamani, pampasi, beseni, sabuni na glavu.
- Kalenda ya ukutani na kalamu.
- Kipande kirefu cha kitambaa laini cha kumfunga mdomo wakati wa kumhamisha.
- Jembe, sululu, beleshi na mtalimbo, na kijana wa kuchimba.
- Fedha ya daktari, kwenye bahasha yake, isiguswe kwa jambo jingine.

## Kwanza kabisa: ondoa shaka ya kichaa cha mbwa

Kama mbwa amebadilika tabia ghafla, anadondosha mate, anashindwa kumeza, taya imelegea, au aliumwa na mbwa asiyejulikana, acha kusoma hatua zinazofuata. Usiingize mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie mahali pasipo watu, umpigie afisa mifugo. Mtu yeyote aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni mkwaruzo tu.

Mbwa wa namna hiyo akifa, usimzike kabla afisa mifugo hajakuelekeza. Kipimo cha kichaa kinahitaji ubongo wake.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli haponi

Mbwa wengi hapa kwetu wanauawa kwa magonjwa yanayotibika. Mfano mkubwa ni uvimbe wa sehemu za siri, ule mwekundu unaofanana na koliflawa na kudondosha damu. Watu wakiuona husema "ana kansa, basi tena". Ni kansa kweli, inaambukizwa wakati wa kupandana, lakini hutibiwa kwa sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, na walio wengi hupona kabisa.

Mfano wa pili ni homa ya kupe. Mbwa anakonda, ufizi unapauka, pengine anatoka damu puani, anaonekana wa kufa kesho. Akipimwa damu mapema na kupewa doksisaiklini kwa takriban wiki 4, anaweza kurudi kubweka getini.

Kwa hiyo usiamue kwa macho. Muulize daktari maswali haya matatu na uandike majibu:

1. Ugonjwa ni upi, na umethibitishwa kwa kipimo gani?
2. Dawa hii itamponya, au itampunguzia maumivu tu?
3. Nikiona dalili gani nisisubiri tena?

Swali la tatu ndilo watu husahau, nalo ndilo litakalokuokoa siku za mwisho. Kwa Chui, daktari alinijibu: "Akikataa chakula siku mbili mfululizo na kutapika hata maji, usinipigie kuuliza. Nipigie kuniita."

Hatua hii imekamilika unapoweza kutaja ugonjwa kwa jina na kusema kwa sentensi moja kwa nini hauponi.

## Hatua ya 2: Zuia maumivu kuanzia leo

Mbwa huficha maumivu. Kula peke yake si ushahidi kwamba haumii; wengi hula mpaka siku ya mwisho. Tazama mambo mengine: kuhema akiwa amelala kivulini, kubadilisha mkao kila mara, kulamba sehemu moja bila kuacha, kukunja mgongo, kujificha nyuma ya banda, au kumng'urumia mtoto ambaye siku zote amemvumilia.

Omba dawa ya maumivu ya mbwa kwa daktari, na umwambie uzito wake. Kama huna mizani ya kumtosha, panda mzani umembeba, kisha upande peke yako, utoe.

Onyo: usimpe diklofenaki wala ibuprofeni kutoka duka la dawa za binadamu. Humtoboa tumbo kwa vidonda na kumuua figo, na mwenye figo mbovu hummaliza vibaya zaidi. Panadol nayo usijaribu kwa kukisia. Kila mara ninapoandika hili kuna mtu hunijibu kwamba alishampa na hakikutokea kitu. Alibahatika.

Asiyeweza kuinuka mgeuze ubavu kila baada ya saa 4 hivi, umkaushe mkojo, umwekee pampasi. Vidonda vya kulalia huvutia nzi, na nzi wakishataga, mabuu hutoka ndani ya siku moja au mbili. Hayo ni mateso yasiyo ya lazima, yanazuilika kwa beseni na kitambaa.

## Hatua ya 3: Andika siku zake kwenye kalenda

Moyo una tabia ya kukumbuka dakika moja aliyotikisa mkia na kusahau usiku mzima aliolia. Karatasi haisahau.

Ile kalenda ya usharika au ya parokia iliyotundikwa sebuleni inatosha. Kila jioni weka duara kama siku ilikuwa njema, alama ya kukata kama ilikuwa mbaya. Anayeandika awe mmoja, na kabla hajaandika amuulize anayekaa na mbwa usiku. Kwetu alikuwa mlinzi. Mimi nilikuwa naweka duara kwa sababu Chui alinipokea getini, mlinzi ndiye aliyeniambia, "Mama, usiku mzima hakulala, anazunguka tu."

Kuna kipimo kilichotengenezwa na daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, ambacho madaktari wengi hukitumia. Unampa mbwa alama 0 hadi 10 kwa mambo 7: maumivu na kupumua, chakula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kumi ni hali nzuri kabisa. Jumla ikizidi 35, bado unaweza kuendelea kumuuguza nyumbani. Kifanye kila Jumapili, na watu wawili wa nyumba wakifanye kila mmoja peke yake kabla ya kulinganisha.

Alama za kukata zikianza kuzidi duara katika wiki moja, panga tarehe. Usisubiri wiki ya kukata tupu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa tumbo linaloumia si la kwako.

Dalili hizi hazingoji kalenda: kuhema kwa shida huku shingo imenyooshwa, ufizi mweupe au wa bluu, degedege la zaidi ya dakika 5 au linalojirudia, tumbo kuvimba ghafla huku akijaribu kutapika bila kutoa kitu. Hapo unampigia daktari saa hiyo hiyo. Ukitaka kujua kama pumzi imezidi, hesabu akiwa amelala usingizi: mbwa mwenye nafuu hupumua chini ya mara 30 kwa dakika.

## Hatua ya 4: Chagua daktari, na uliza dawa

Si kila anayeuza dawa za mifugo ni daktari. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, na daktari wa mifugo anatakiwa awe amesajiliwa hapo. Kumuuliza kama amesajiliwa si utovu wa adabu. Mwambie tu, "Samahani daktari, huyu ni kama mtoto wangu, naomba nielewe kila kitu."

Kisha uliza mambo haya bila kuona haya. Je, utamlaza kwanza usingizi mzito kabla ya sindano ya mwisho? Sindano ya mwisho ni dawa gani? Utakuja nyumbani au tuje kwako?

Jibu unalolitaka kwa swali la kwanza ni "ndiyo". Dawa iliyokusudiwa kazi hii ni pentobabito, dawa ya jamii ya usingizi inayotolewa kwa kipimo kikubwa kwenye mshipa. Haipatikani kila mahali kila wakati, ndiyo maana unauliza mapema ili aitafute. Akikuambia atatumia potasiamu au magnesiamu, dawa za kusimamisha moyo, hizo zinakubalika tu kama mbwa tayari yuko kwenye usingizi mzito kabisa asiohisi chochote. Na dawa ya kulegeza misuli peke yake, kataa. Vivyo hivyo sindano ya moyoni kwa mbwa mwenye fahamu, kataa.

Onyo: kuna watakaokushauri nyama yenye sumu ya panya au dawa ya kuogeshea ng'ombe. "Si anakufa tu?" Anakufa kwa saa nyingi za kutetemeka na kutapika, na mabaki yanaua paka wa jirani na kunguru. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama. Rungu na kamba nazo ni vile vile.

## Hatua ya 5: Panga siku, chimba kaburi

Panga asubuhi, siku ya kazi, mfano Jumanne saa 3. Daktari anapatikana, akikosa kitu duka limefunguliwa, na mna mwanga wa kuzika bila haraka. Jihadhari na Desemba: mji unajaa watu wanaorudi nyumbani Krismasi, madaktari nao wana kwao. Kama hali yake inashuka mwezi huo, zungumza na daktari wiki mbili kabla.

Mahali pa kaburi panahitaji busara kuliko nguvu. Ukiwa mpangaji, omba ruhusa kwa mwenye nyumba. Ukizika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, muulize mzee wa familia kwanza, na ukae mbali na makaburi ya watu. Nimeona ndugu wakinuniana mwaka mzima kwa sababu mbwa alizikwa hatua chache kutoka kwa babu. Kaa mbali pia na kisima na mfereji wa maji. Kumtupa dampo au kwenye Mto Karanga, Rau au Njoro si mazishi. Ni kumpelekea uchafu na sumu mtu anayeteka maji chini yako.

Kina kiwe cha kufika kifuani mwa mtu mzima, ili juu ya mwili ubaki udongo wa mita 1 au zaidi. Sababu si heshima peke yake. Pentobabito hubaki mwilini muda mrefu, na mbwa au fisi akifukua na kula, naye hufa. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, shimo lililochimbwa jana hujaa maji, kwa hiyo chimba asubuhi hiyo hiyo au ulifunike kwa mabati. Lolote lililobaki wazi usiku lizungushie miba, watoto wasitumbukie.

## Hatua ya 6: Waambie watu wa nyumbani

Watoto waambie siku moja kabla, kwa neno lenyewe. Usiseme "atalala" wala "amesafiri". Mtoto aliyeambiwa mbwa amelala ataogopa kulala, au atakaa getini kumngoja.

Mwanangu aliniuliza, "Mama, Chui atapona?" Nikamjibu, "Hapana, mwanangu. Figo zake zimeharibika. Kesho asubuhi daktari atamsaidia afe bila kuumia." Alilia, akaenda kukaa naye bandani hadi magharibi. Sikumzuia.

Msisahau dada wa kazi na mlinzi. Wao ndio waliompikia dona na dagaa, ndio waliokesha naye, na mara nyingi hakuna anayewauliza. Kama msaidizi wako au mchimbaji ni Mwislamu na hapendi kuguswa na mate ya mbwa, usimlazimishe kumbeba; mshirikishe kwa kazi nyingine.

## Hatua ya 7: Asubuhi yenyewe

Mpe anachokipenda, kidogo kidogo. Baadhi ya dawa za usingizi hutapisha, na tumbo lililojaa humsumbua. Chui alipata supu ya makongoro kwenye bakuli lake, akalamba mara tano, akaacha. Hilo lilitosha. Asiyetaka kula usimlazimishe ili wewe upate nafuu.

Lipa daktari kabla hajaanza. Hutataka kuhesabu noti baadaye.

Mlaze mahali alipozoea, juu ya godoro lenye turubai chini yake. Mbwa wengine wafungie kwanza. Kaa upande wa kichwa, mkono wako chini ya taya yake, umwache daktari upande wa miguu. Kama anaumia sana akiguswa, mfunge mdomo kwa kile kitambaa wakati wa sindano ya kwanza tu; mbwa mwema kupita wote huuma akishtuliwa na maumivu. Lakini anayehema kwa shida au anayetapika usimfunge.

Sindano ya kwanza huchomwa kwenye msuli. Atashtuka kidogo. Kisha, ndani ya dakika 5 hadi 15, kichwa kitakuwa kizito na pumzi zitatulia. Huu ndio wakati wako. Sema maneno aliyoyazoea, kwa sauti aliyoizoea. Mimi nilimwambia, "Umelinda vya kutosha, baba. Leo tunalinda sisi."

Daktari atambana kati ya vidole vya mguu na kugusa pembe ya jicho. Kama mbwa anavuta mguu au anapepesa, bado hajazama. Mwombe daktari angoje au aongeze dawa. Usione aibu kusema. Mahali hapa ndipo Popi wangu aliponyimwa haki yake.

Akizama, daktari atamnyoa manyoya kidogo mguu wa mbele, ataweka kanula, kimrija kinachoingia kwenye mshipa, atachoma sindano ya mwisho. Mbwa aliyekaukiwa maji mishipa hujificha, kwa hiyo daktari akihamia mguu wa nyuma usihamaki. Pumzi hukoma ndani ya dakika moja au mbili, moyo muda mfupi baadaye. Daktari asikilize kwa kipimo chake mpaka aseme wazi kwamba moyo umesimama.

Utayaona haya, na hayamaanishi kwamba anaamka: macho kubaki wazi, mkojo au kinyesi kutoka, misuli kurukaruka, pumzi moja au mbili za ghafla kama kwikwi. Waeleze watakaokuwepo kabla, hasa watoto wakubwa watakaochagua kubaki.

Imekwenda sawa ikiwa kitu cha mwisho alichokijua kilikuwa sauti yako, na hakulia.

## Hatua ya 8: Mzike siku hiyo hiyo

Ndani ya saa ya kwanza mkunje miguu kama anavyolala, maana mwili hukakamaa baada ya saa chache. Mvue mkanda. Kama nyumbani kuna mbwa mwingine, sasa mfungulie anuse. Mbwa wetu mdogo alinusa masikio ya Chui, akaondoka zake, na hakumtafuta tena kwa kulia usiku kama nilivyoogopa.

Mfunge kwa shuka, kanga au gunia la katani. Usitumie nailoni, haiozi. Mshusheni watu wawili, msimdondoshe. Jaza udongo nusu, panga mawe bapa juu yake, kisha umalizie udongo na kushindilia. Mawe yaliyo katikati yanazuia ufukuaji kuliko yaliyorundikwa juu.

Ukitaka alama, panda ua au mche wa matunda. Isale, ule mmea wa majani marefu, usipande. Kwa Wachaga isale ni mpaka wa kihamba na ni ishara ya kuombana radhi. Jirani akiuona umechipuka mahali pasipo pake, ataitisha kikao cha ardhi.

## Hatua ya 9: Wiki zinazofuata

Dawa zilizobaki mrudishie daktari. Banda lioshe kwa sabuni, lianike juani. Mkanda wa Chui aliuomba mlinzi. Ameutundika kwenye msumari wa kibanda chake, juu ya tochi.

Utalala ukijiuliza kama uliwahi mno au ulichelewa. Irudie kalenda. Mimi niliihesabu mara nyingi: wiki ile ya mwisho ilikuwa na kukata tano na duara mbili.

Kuhusu mtoto wa mbwa mpya, usimlete ili kunyamazisha watoto. Subiri mpaka mtu aliyekuwa akimhudumia wa kwanza aseme mwenyewe kwamba yuko tayari kuanza upya. Na kama mbwa wako alikufa kwa pavo, ugonjwa wa kutapika na kuhara damu, kirusi chake hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka au zaidi, kwa hiyo mtoto asiyemaliza chanjo asikanyage uwanja huo. Chanjo ya kichaa aipate akifikisha miezi 3, na kadi yake uitunze pamoja na namba zile mbili za madaktari.